Bastola ya Mjerumani na bei ya kusikia

Wiki iliyopita fundi simu mmoja hapa Majengo, Dodoma, alinigeuzia kioo cha simu yake. Picha ya bastola: Mauser C96, ile yenye mpini wa duara kama wa ufagio. "Mzee, hii ya enzi za Mjerumani. Haikosi milioni mia." Katumiwa na shemeji yake. Ilipo sikuuliza, maana bastola isiyo na kibali bei yake ya kwanza ni kesi.

Nilimuuliza kitu kimoja tu: zilitengenezwa ngapi? Kimya. C96 zilianza kutoka kiwandani mwaka 1896 zikaendelea hadi miaka ya 1930, jumla yake karibu milioni moja. Uzee huo zinao nyingi. Mambo huanza kunoga kwenye toleo. Mwaka 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza 150,000 za risasi ya milimita 9, na kwenye mpini ikachongwa 9 kubwa na kutiwa rangi nyekundu, askari asije akachanganya na risasi za 7.63 za C96 nyingine. Hizo wakusanyaji wanazitafuta. Ila hata hapo mimi sihesabu zilizotengenezwa. Nahesabu zilizobaki vilevile: namba za vipande zinalingana, mbao ni zake, chuma hakijapigwa msasa.

Tazama bastola ya Colt Walker ya 1847. Zilitoka kama 1,100 tu, nyingi zikaenda jeshini Marekani, na baadhi zikapasuka silinda zikitumika. Moja iliyotunzwa ndani ya kasha lake ilipigwa mnada mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 1.8. Kasha, jamani!

Fundi hakuridhika, nikamsimulia yangu. Babu alituachia heller 20 ya 1916, sarafu ya enzi za Mjerumani, iliyopigwa Tabora kwenye karakana ya reli wakati vita vimekata njia ya meli kutoka Ujerumani. Si ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15 ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ambayo zilipigwa kama 16,000. Hii yetu ni ya kawaida, lakini ilikuwa na weusi wake mzuri wa miaka. Nikiwa darasa la sita niliisugua kwa ndimu na majivu mpaka taji likang'aa. Miaka mingi baadaye nikaipeleka kwa mnunuzi Dar es Salaam. Akaitazama kwa lenzi, akanirudishia kiganjani, akauliza, "Nani aliiogesha?"