Data ya protini ikigoma, uiachie programu au uishike mwenyewe?

Huu ubishi kwenye kristalografia ya protini hauishi, na mi naona tuuangalie vizuri maana pande zote zina hoja. Kwa asiyefuatilia, ukitaka kujua protini ina umbo gani unaiotesha iwe fuwele, unaigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, unaipiga eksirei huku inazungushwa, detekta inanasa picha zenye vidoa vingi, halafu programu inapima ukali wa kila kidoa mpaka upate ramani ya kujengea molekuli. Kwenye sinkrotroni (mitambo mikubwa inayotoa eksirei kali) kama Diamond ya Uingereza au ESRF ya Grenoble, ukimaliza tu kupiga picha mfumo unaanza kuchakata wenyewe, kwa programu kama xia2, autoPROC na wenzake, unaletewa jedwali la namba hujagusa kitu. Wapo wanaosema hayo ndo maendeleo, na wapo wanaosema inazalisha watu wasiojua data yao imetoka wapi.

Wa otomatiki wana hoja kubwa moja, nayo ni muda. Ukizungusha fuwele nyuzi 180 kwa hatua ya 0.1 unapata picha 1800, na detekta za sasa zinamaliza hiyo kazi ndani ya dakika moja hivi, sasa hapo nani atakaa afungue XDS (programu ya kuchakata picha hizo) kwa mkono kabla fuwele inayofuata haijapandishwa kwenye mtambo? Na wengi siku hizi hawasafiri hata, fuwele zinatumwa kwenye chombo cha baridi na wao wanaendesha mitambo wakiwa maabara kwao, kwa hiyo wanahitaji jibu haraka waamue kama warudie au waendelee.

Upande wa pili nao wanasema mashine ikifeli haikwambii kwa nini, na ikifaulu ndo hatari zaidi. Chukua barafu. Hewa baridi inayopulizwa kwenye fuwele kutoka kwenye bomba (wanaliita pua) iko kama kelvini 100, na nje yake kuna hewa kavu inayozuia unyevu wa chumba, sasa ikitokea ile pua haijalenga sawa au kuna upepo wa eisii unapiga pale, barafu inajijenga taratibu kwenye kitanzi kinachoshika fuwele na kwenye picha unaona pete kwenye 3.90, 3.67 na 3.44 Å (angstromu, sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Programu inaweza kuziruka hizo pete na jedwali likatoka zuri tu, kumbe pua bado imepinda na kila fuwele utakayopandisha siku hiyo itaota barafu vilevile. Aliyefungua picha moja tu angeliona. Angesimamisha kazi, angerekebisha pua na kuangalia pia kama naitrojeni yenyewe kwenye chombo ina chenga za barafu zinazoelea, maana mara nyingi zinatokea humo.

Kingine ni kitovu cha mwale, yaani pale mwale wa eksirei unapogonga detekta, na hiki kinasumbua kweli. Ukiwa na seli (kipande kinachojirudia ndani ya fuwele) ya Å 300, mwale wenye urefu wa wimbi wa Å 1 na detekta iko milimita 300, vidoa vinaachana milimita 1 tu, yaani pikseli 6 hivi kwenye detekta aina ya Pilatus, kwa hiyo kitovu kikikosewa kwa nusu milimita programu inaweza kuvipa vidoa vyote namba iliyosogea kwa hatua moja, ulinganifu unapotea, inakupa P1 (kundi lisilo na ulinganifu) na takwimu mbovu, na mtu anaanza kuilaumu fuwele au anahisi ni pacha (fuwele mbili zilizoota pamoja) wakati tatizo ni namba mbili kwenye hedha ya picha (maelezo ya mwanzo wa faili).

Hawa wa kushika wenyewe wakitaka kumaliza ubishi wanataja kisa cha Geoffrey Chang, mtafiti wa miundo ya protini wa taasisi ya Scripps, Marekani, aliyefuta makala 5 baada ya kundi la mtafiti Locher kule Zurich kutoa mwaka 2006 muundo wa protini ya Sav1866 usioendana na wake wa MsbA, protini ya jamii moja. Ila hapa mi siwaungi mkono. Kosa lile lilitoka kwenye programu ya ndani ya maabara, siyo ile inayotumiwa na kila mtu, ikabadilishana safu mbili za data na alama ya tofauti ikageuka, kwa hiyo ramani ikatoka imegeuka kama kwenye kioo, na kwa vile MsbA ya kwanza ilikuwa ya 4.5 Å, yaani ya ukungu, haikuwa rahisi kuona heliksi (sehemu za protini zilizojisokota) zinapinda upande gani. Sasa hiyo ni hoja ya kutumia programu za pamoja zinazojaribiwa na watu wengi kila siku.

Kwa hiyo mi niko upande wa mashine, kwa sharti kwamba ikigoma usianze kubadilisha setingi. Fungua picha kwanza, halafu angalia grafu ya skeli (nguvu ya kila picha ukilinganisha na nyingine) dhidi ya namba ya picha: ikishuka polepole mpaka mwisho bila kurudi eksirei inaiua fuwele, punguza dozi, lakini ikipanda na kushuka kufuata mzunguko basi mara nyingi fuwele haijakaa katikati au goniometa, kifaa kinachoizungusha, inayumba (au fuwele ni bapa sana), na hapo hakuna setingi ya programu itakayokuokoa.

Kinachoniuma ni kwamba picha zenyewe wengi hawazitunzi. PDB, hifadhi ya dunia ya miundo ya protini, tangu 2008 inalazimisha uweke data iliyochakatwa, picha ghafi hailazimishi, wachache wanaziweka kwenye hifadhi za mtandaoni kama Zenodo au SBGrid kwa hiari. Zingelazimishwa, maana kitovu kilichokosewa huwezi kukirekebisha kwenye namba zilizokwisha unganishwa, na programu zinaboreshwa kila mwaka, picha za zamani zingeweza kuchakatwa upya.