Muhuri wa Ijumaa

Majuzi nilikwenda semina ya maadili ya masekretari, kwenye hoteli moja huku Nyali, Mombasa. Tulianza saa tatu asubuhi tukatoka saa kumi, na mahamri ya saa nne, sikatai, yalikuwa mazuri. Tulifundishwa urefu wa sketi. Tulifundishwa kutotafuna chingamu mbele ya mgeni, kuinua simu kabla haijalia mara ya tatu, na kutojipaka manukato ya kuumiza watu vichwa. Mwenzangu mmoja, mvaa buibui, akanisukuma kiwiko: "Mie hiyo sketi wataipimia wapi?" Tukacheka mpaka tukatolewa macho.

Hayo yote sawa. Lakini ile ni adabu, na adabu na uadilifu ni vitu viwili. Hata Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Sura ya Sita, inasema uadilifu. Najua sura ile inawahusu maafisa wa serikali, na mimi maisha yangu yote nimefanyia kazi kampuni za watu. Lakini muhuri ni muhuri popote ulipo.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa sekretari kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Muhuri wangu wa kupokelea barua ulikuwa wa chuma, na juu yake vijigurudumu vya mpira vya siku, mwezi na mwaka. Kila asubuhi nikitoka feri, kabla hata sijaweka pochi chini, nilikuwa nikikisukuma kigurudumu cha siku kwa ukucha wa kidole gumba. Tik. Kazi imeanza.

Kulikuwa na mzee mmoja, mlinzi wa usiku, aliyefutwa kwa madai ya dizeli iliyopotea. Barua ya kumfuta ilimpa siku saba za kukata rufaa. Siku ya saba ilikuwa Ijumaa, naye akaja saa kumi na nusu jioni, jasho limemtota mgongoni, na karatasi ya daftari aliyoandikiwa na mjukuu wake.

"Mwanangu, nimewahi?"

"Umewahi, mzee."

Akanishukuru kama niliyempa kitu. Muhuri nilikuwa nimeshautia droo, nikamwambia aende tu, nitaugonga. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni la uvivu mtupu.

Bosi alipoisoma akasema, "Hii imekuja Jumatatu." Nikasema imekuja sasa hivi. Akarudia taratibu, bila ya kupaza sauti, "Imekuja Jumatatu," tena akataka faili ifungwe kabla hajaondoka. Nikatoa muhuri. Tik, tik, tik. Nikagonga. Kisha nikarudisha nyuma, tik, tik, tik, ili Ijumaa ibaki mahali pake kwa barua nyingine yoyote itakayokuja.

Rufaa ikakataliwa kwa kuchelewa. Mzee hakujua kwamba zile siku saba zilikuwa za ofisi tu; Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amsikilize mtu kabla ya kumfuta kwa kosa, na ilimwachia miaka mitatu ya kwenda mahakamani. Mimi nayajua haya sasa. Hata ningeyajua siku ile sidhani ningemwambia. Nilikuwa na karo za watoto wawili, na bosi alilijua hilo.

Nimehudhuria semina si haba tangu wakati ule, na sijasikia hata mkufunzi mmoja akiuliza ufanye nini mkubwa wako akikwambia uongope kwa maandishi. Wanachokipenda ni siri. Sekretari ni mtunza siri, watakwambia, hata neno lenyewe huko lilikotoka limebeba siri ndani yake. Kweli. Lakini Kiswahili kina katibu pia, na katibu ni mwandishi. Mwandishi akishaandika uongo, anachokifunika baadaye si siri tena, ni kosa lake na la mwenziwe.

Nisieleweke vibaya. Mshahara wa mtu, ugonjwa wake, talaka yake iliyofika mezani kwa sababu anaomba likizo, hayo hufa na wewe. Ile ya "bosi hayupo" huku viatu vyake vinaonekana chini ya mlango, mimi hainikoseshi usingizi, ingawa shangazi yangu aliyepiga taipu enzi za karatasi ya kaboni alikuwa akikataa hata hiyo. Alikuwa akisema, "Amesema hapokei wageni." Basi. Ni kweli, na mgeni anaondoka vilevile.

Isitoshe, siri tunazozitunza sana ni za wakubwa. Mwaka jana nilinunua bajia Mwembe Tayari, nikala nimesimama, nikaikunjua karatasi kutafuta pilipili iliyobaki. Ilikuwa nakala ya kitambulisho cha mwanamke, nambari ya simu imeandikwa kwa kalamu pembeni, mafuta yamemfika shavuni. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019. Aliyeitupa karatasi ile pengine ni sekretari mwenzangu ambaye hata umpige hakwambii bosi wake amelala wapi.

Na kama lazima tuzungumze nguo, basi tuzungumze yote. Sheria ile ile ya ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi awe na sera ya kuzuia dhuluma za kingono kazini. Siku nzima ya sketi, na hilo halikuguswa. Nilitaka kuuliza, lakini aliyenilipia semina alikuwa amekaa safu ya mbele.

Mzee yule nilimwona mara moja tu baadaye, upande wa Likoni, feri inashusha watu. Akanisalimu kwa furaha, akaniulizia watoto. Mpaka leo hajui ni nani aliyeigeuza tarehe ya barua yake. Sikumwambia.

Ofisi niliyo sasa ni nyingine. Mtu akileta barua namuuliza, "Nakala yako iko wapi?" Wengi hawana. Nampeleka kwenye mashine yetu, nabana karatasi mbili pamoja, nazigonga zote mbili mbele yake, moja naiweka trei, moja anaishika mkononi. Yataka dakika tatu na karatasi moja ya kampuni. Bosi ameshaniuliza mara mbili kwa nini watu wanatoka kwangu na makaratasi yenye muhuri wetu. Nilimwambia ndio utaratibu. Hakuna palipoandikwa, lakini hajaniomba nimwonyeshe.