Kolmogorov: kipaji au malezi?

Akiwa na miaka 5 au 6, Andrey Kolmogorov, mwanahisabati wa Urusi, aligundua mwenyewe kwamba ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio unapata namba mraba: 1 + 3 = 4, 1 + 3 + 5 = 9. Sababu yake huonekana kwa kokoto. Panga 9, tatu kwa tatu. Ongeza 3 pembeni, 3 juu na 1 ya kuziba kona. Umeongeza 7, na sasa una nne kwa nne.

Wengi husema hicho ni kipaji kitupu. Lakini tazama alikolelewa. Mama yake alifariki akimzaa, Tambov, mwaka 1903. Dada wa mama, Vera, akamchukua hadi Tunoshna, karibu na Yaroslavl, ambako yeye na ndugu zake waliendesha darasa dogo nyumbani. Watoto walikuwa na jarida lao, na ugunduzi ule ulitoka humo. Mtoto alikuwa na wasomaji kabla hajaanza shule. Mwaka 1910 wakahamia Moscow, na shule aliyosoma huko ilikuwa ndogo na ya binafsi.

Hata hivyo, wanaosifu malezi peke yake nao wanavuka mpaka. Hisabati ya juu aliisoma mwenyewe kwenye ensaiklopidia, akijaza hatua ambazo makala zilizifupisha. Alipoingia Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1920 aliifanya mapema mitihani ya mwaka wa kwanza, na njaa ilichangia: mwanafunzi wa mwaka wa pili alipewa kilo 16 za mkate na kilo 1 ya siagi kwa mwezi. Mwaka 1922, akiwa na miaka 19, alijenga mfululizo wa Fourier (jumla ya mawimbi yasiyo na mwisho) ambao karibu kila mahali jumla yake haitulii kwenye namba moja. Jibu lilikuwa lake, ila swali lilikuwa hai tayari kwa Nikolai Luzin, profesa wa hisabati wa chuo hicho, na wanafunzi wake.

Kwangu, ushahidi mzito zaidi kwamba kipaji na mazingira huhitajiana ni kazi yake ya uzeeni. Vitabu vya shule vya mageuzi ya somo la hisabati aliyoyaongoza katika Umoja wa Kisovyeti miaka ya 1970 vilieleza vekta (kiasi chenye ukubwa na mwelekeo) kama kusogeza nukta zote za anga pamoja, pale ambapo mwanafunzi alihitaji mshale tu. Mwaka 1978 wanahisabati wa Akademia ya Sayansi wakavikataa. Lakini mtindo uleule wa kufikiri ulistawi katika shule ya bweni aliyoianzisha Moscow mwaka 1963: watoto waliochujwa, na Kolmogorov mwenyewe akiwafundisha darasani.