Si disko tupu
Mwandishi, umeandika kwamba Queer as Folk ya Marekani, ile tamthilia ya runinga ya 2000 hadi 2005 kuhusu marafiki wa Pittsburgh, wengi wao wanaume wapenzi wa jinsia moja, ni disko na ulevi tu. Mie niliitazama hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kompyuta ya binamu, sauti chini mama asisikie. Disko lipo, tena limezidi. Ila kilichonikaa ni ule mgahawa wanaokimbilia kula, mhudumu ni mama yake Michael, mmoja wa marafiki hao: anawatupia sahani, anawasuta, na shida za kila mmoja anazijua. Mama wa Tanga kabisa yule, kasoro kanga! (Na Pittsburgh yenyewe walipigia picha Toronto.) Halafu hilo neno "shoga" ulilolirudiarudia, sisi wanawake wa huku twaitana hivyo, yaani rafiki, tangu enzi za bibi zetu. Nimecheka peke yangu.