Kanuni za uchoraji zikae ndani ya kiolezo

Ofisi nyingi za usanifu na uhandisi zina kitabu cha kanuni za uchoraji. Kinene, kina jalada zuri, hakuna anayekifungua. Kwa maoni yangu, kanuni inayomtegemea mchoraji aikumbuke mwenyewe huwa imeshavunjwa kabla ya saa nne asubuhi. Iwekwe ndani ya kiolezo, lile faili la DWT ambalo AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, huanzia kila mchoro mpya: leya (tabaka za mchoro, kuta kwake, milango kwake) zenye majina yake, unene wa mistari, mitindo ya maandishi na vipimo, fremu ya karatasi ya A1. Mtu akifungua tu, ameshatii.

Vurugu kubwa iko kwenye leya. Utaletewa ramani ya nyumba ya vyumba vitatu ukute "ukuta", "UKUTA mpya" na "Layer1", zote zina kuta, na milango imepewa rangi mmojammoja. Rangi na unene viamuliwe na leya, basi. Vinginevyo, siku mhandisi wa umeme akitaka kufifisha kuta ili nyaya zake zionekane, nusu ya kuta zitagoma. Bloku, yaani michoro midogo ya kurudiarudia kama mlango au kiti, zichorwe kwenye leya 0, zitafuata leya yoyote zitakakowekwa. Na usichore kitu cha maana kwenye Defpoints, leya ambayo AutoCAD huijiundia yenyewe: kwenye skrini kipo, kwenye karatasi hakitoki, utabaki unatafuta mchawi. Majina nayo hayahitaji ubunifu. A-WALL (kuta) na A-DOOR (milango) za Wamarekani zinajulikana karibu kila mahali. Zichukue hivyo hivyo.

Kuhusu majina ya mafaili, "final", "final2" na "final kabisa" yafutwe leo. Waingereza wanaofuata ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, huandika P01, P02 mchoro ukiwa bado unajadiliwa, kisha C01 ukishakuwa wa mkataba. Kwa ofisi ya watu wanne hilo linatosha, na fundi wa saiti anahitaji kujua jambo moja: bila C, hajengi.

Huwa najibiwa kwamba hayo ni ya makampuni makubwa. Hata makubwa yamechomwa. Wahandisi wa Airbus waliounda ndege ya A380 walitumia CATIA, programu nyingine ya usanifu, ila Hamburg walikuwa na toleo la 4 na Toulouse toleo la 5. Ndege ile ina nyaya zaidi ya kilometa 500, na wakati wa kuziunganisha nyingine zilikuwa fupi. Mwaka 2006 ratiba ya kukabidhi ndege ikasogezwa mbele tena na tena, na mabosi wakaondoka.

Kwa hiyo toleo la programu nalo liandikwe kwenye mkataba wa kazi. Mwenye AutoCAD 2016 hafungui faili lililohifadhiwa kwa muundo wa 2018, na wenye matoleo ya zamani ni wengi (sitauliza waliyapata wapi). Hifadhi kwa muundo wa 2013, kisha tuma. Kiolezo chenyewe kiwe na mlinzi mmoja. Mwingine akitaka leya mpya, aombe.