Kumkamata sawa, kumfunga kwenye mchikichi hapana
Habari mliyoiandika ya mwenye shamba wa Ujiji aliyemfunga kijana kwenye mchikichi kutwa nzima, kwa madai ya kuingia bila ruhusa, inagusa jambo ambalo wengi wetu hapa Kigoma tunalichanganya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mwenye mali au mfanyakazi wake kumkamata anayemkuta akiiharibu, ila aliyekamatwa lazima akabidhiwe polisi bila kucheleweshwa. Kukatiza tu shambani, tena kwa njia ya miguu inayoshuka ziwani, hakutoshi kuwa jinai: Kanuni ya Adhabu inataka iwepo nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Kijana huyo, kama mlivyoandika, alikutwa na ndoo tupu; sasa mwenye shamba ndiye anayeweza kuulizwa kituoni kuhusu ile kamba.