Nilidhani Muscat itakuwa Ujiji yenye AC

Kila nikipiga simu nyumbani, shangazi yangu hunikumbusha: "Huko si nchi ya Kiislamu? Basi wewe umehama msikiti tu." Mwaka wa kwanza nilikuwa namkubalia. Nimezaliwa Ujiji, Kigoma, nyumba ya nne kutoka msikitini, nikakua kwa adhana na kahawa ya jioni. Nilipopata kazi Oman nilijiona kama mtu anayekwenda kwa wajomba. Sasa ni mwaka wa sita niko Muscat, mtaa wa Ruwi, fundi wa AC, na shangazi simkubalii tena. Swala ni ile ile. Kukaa na watu ndiko tofauti.

Wiki yenyewe huku inaanza Jumapili. Tangu 2013 mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Kabla ya hapo yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Sisi wa kampuni binafsi wengi wetu tunaambulia Ijumaa peke yake. Ujiji Ijumaa ni siku ya kazi kama nyingine: unafunga duka, unavaa kanzu, unaswali, unarudi kufungua duka na kanzu yako mwilini. Jumapili mchana ndugu zangu wako nyumbani wameshiba, wananipigia simu ya video wanataka soga, mimi niko juu ya paa la mtu na spana mkononi. Saa zetu zimepishana moja tu, lakini wiki zetu hazijuani.

Na Ijumaa ya Ruwi si ya kukaa, ni ya kuzurura. Asubuhi mji umelala. Baada ya swala mitaa inafurika wanaume peke yao: Wabangladeshi, Wahindi, Wapakistani, na sisi Waafrika wachache. Wengine wanatuma pesa kwao, wengine wako kwa kinyozi, vijana wanacheza kriketi kwenye maegesho ya magari. Tunakunywa chai ya karak, nzito kwa maziwa na sukari. Jioni tunateremka Mutrah, tunatembea kando ya bandari, tunapigana picha za kupeleka nyumbani. Ukiziona picha zangu utasema huyu anakula raha.

Wenyeji Ijumaa yao ni ya familia. Wanapanda magari kwenda kwa wazazi, au Wadi Shab na Wadi Bani Khalid kuogelea kwenye maji ya kijani katikati ya majabali, au wanatandika mkeka ufukweni Qurum na birika la kahawa. Joto likizidi wanakimbilia Salalah, kusini, ambako kati ya Juni na Septemba manyunyu yanageuza milima kuwa kijani kama Kasulu. Sijaona watu wanaojua kufaidi mkeka kama Waomani. Ila raha yao ina mlango, na funguo zake ni mbili, gari na familia. Mimi sina hata moja.

Kwetu hakuna anayesema anakwenda kupumzika. Unatoka kununua vocha, unakuta wanne kwenye benchi chini ya mwembe, drafti ya vizibo vya soda imepamba moto, mmoja anasogea upate pa kukaa. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Cha kwanza, cha pili, kashata, ubishi wa Simba na Yanga, taarifa kwamba timu yetu, Mashujaa, wanacheza kesho pale uwanja wa Lake Tanganyika, na wasio na kiingilio watajipanga ukutani. Unarudi nyumbani magharibi bila vocha. Hakuna aliyekualika, na hakuna aliyekuuliza umefuata nini.

Hapa nina rafiki Mwomani wa miaka minne, mkarimu mpaka unaona haya. Siku moja nikampitia bila kumpigia simu, Kiujiji-Ujiji. Alinipokea vizuri, akaniingiza kwenye majlisi, chumba cha wageni, zikaja tende, ikaja halua, ikaja kahawa ya iliki (kikombe usipokitikisa, watakumiminia mpaka kesho). Lakini nilisikia ndani milango inafungwa na wanawake wanahama vyumba, nikajua nimewavuruga. Hakusema neno. Tangu siku hiyo napiga simu kwanza.

Ramadhani ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Oman kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa kisheria, hata kama wewe si Mwislamu. Waislamu wanapunguziwa saa za kazi ziwe 6, mchana mji unanyamaza, halafu usiku unaamka: maduka makubwa yako wazi hadi baada ya saa 6, watoto wanakimbiakimbia humo kama mchana. Ni jambo zuri, ingawa AC hazifungi. Zinaharibika Ramadhani kama mwezi mwingine wowote. Ujiji mama ntilie anatundika kanga mlangoni na biashara inaendelea. Ukiingia unajulikana kwa ndala zako zinazoonekana chini ya pazia, na jioni watu watakuuliza afya yako kwa upole wa kutisha. Jirani yetu Mkatoliki, ambaye mwaka mzima tunagombana juu ya kuku wake, mwezi huo hutuletea bakuli la maharage ya mawese tukifuturu. Sheria ya Oman inanilinda nisijaribiwe. Bakuli lile, sijui niliite nini, lakini ndilo ninalolikumbuka ninapofuturu na wenzangu watano chumbani, kila mtu na simu yake.

Hapo nijisute kidogo, maana sisi wa nje tuna ugonjwa wa kuisifia nyumbani kuliko walioko nyumbani.

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa, Kibirizi, hapo Kigoma. Wavuvi wa taa kazi yao ni giza. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kucheza karata. Nilipokuwa mtoto nilizipenda siku hizo kwa sababu baba alikuwa nyumbani. Sikujua kwamba mama alikuwa akihesabu unga. Halafu mwaka 2024 Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi 3, Mei hadi Agosti, samaki wapate kuzaliana. Sababu naikubali, samaki walikuwa wamepungua kweli. Lakini nilimwona kaka kwenye simu, yuko kibarazani saa 4 asubuhi na wenzake kumi, benchi limejaa, na hakuna aliyekuwa anacheka. Pesa ya unga wa miezi ile ilitoka kwenye kompresa za Muscat.

Kwa hiyo mtu akiniambia Oman hakuna maisha, namwuliza anaongelea maisha ya nani. Kuanzia Juni hadi Agosti huku ni marufuku kumfanyisha mtu kazi juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:30. Jua likipita nyuzi 40 nalala kivulini na mshahara unahesabika. Kaka yangu hajawahi kupumzika saa moja ambayo mtu mwingine aliilipia. Mimi nimelipiwa mapumziko nisiyo na wa kupumzika naye. Yeye ana watu tele na hana cha kuwapikia. Wanaobishana ni wapi kuna raha wachague kwanza wanakosa kipi.

Mwezi uliopita niliitwa Seeb kujaza gesi kwa mzee mmoja. Nikaongea na kijana wangu wa ngazi kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, mzee akaniangalia, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Wewe wa wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Wa Kigoma."

"Marahaba. Kigoma ipi? Mwanga?"

"Ujiji."

Akakaa. Kumbe alizaliwa Tabora, na baba yake alikuwa na duka Ujiji. Wako wengi kama yeye huku, waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Hakuniuliza habari za misikiti wala za siasa. Aliuliza kama migebuka, samaki wa ziwa letu, bado ipo. AC ilikuwa imeshapoa, mimi na ngazi yangu tumekaa kwenye zulia lake hadi alasiri, na bosi anapiga simu siipokei.

Nilipotoka likizo nilirudi na kilo tatu za dagaa na chupa ya mawese. Kilo moja nikampelekea yule mzee wa Seeb. Bila kupiga simu, alikuwa ameniambia, "Wewe ukija, gonga tu." Mbili nikakaanga Ijumaa pale chumbani, huku nikiomba msamaha mapema kwa ajili ya harufu. Mbangladeshi wa kitanda cha pili akainuka usingizini, akanusa, akaja na sahani yake. Kwao Chittagong, akaniambia, samaki mkavu ndiye samaki. Tulikaa sakafuni saa tatu nzima. Simu zetu zilikuwa zinachajiwa.